Kiwanja Ipewe Jina ya Adèle

Lundi, tarehe 5 mwezi wa sita

Batu bote hapa Butembo, mu Kimemi, banaeleza hii habari ya kiwanja vibaya. Bote. Mathe ndiye anaiharibu kupita bengine, na yeye ndiye alisomaka. Mi sikusoma. Nilifika mwaka ya tatu ya primaire, mwalimu akachoka. Lakini nilikuwa gardien wa hii quartier mpaka magoti ikakataa. Nilikuwa nasimama mu goli, naona kiwanja yote mbele yangu. Mathe alikuwa winga, alikuwa anaona paka chaki ya pembeni, basi. Donc naandika mi mwenyewe, Lusenge, mikono ya chuma.

Kiwanja yetu haina jina. Iko pa mutelemuko. Mupira ukitoka unashuka mpaka mu mikaratusi, na mechi inangojea. Batu banasemaka tu "ku kiwanja", na hakuna mwenye alipoteaka. Sasa mutoto ya Komanda Phinées anatafuta kura. Anasema atatujengea tribune ya mbao na mabati, batu baikale, kama tunaiita Stade Komanda Phinées. Komanda ni baba yake, wa wakati ya rebellion, sasa ni marehemu. Nusu ya quartier inasema alituchunga. Nusu ingine inasema ndiyo, alituchunga, sawa vile mutu anachunga mbuzi ya Noeli.

Leo chef wa quartier, Salomon, aliita réunion. Makelele. Mathe alisema bila Komanda pale pangekuwa nyumba za batu zamani. Halafu mama Agar akasimama. Alisema basikari ya Komanda balimukamata kaka yake pale pale, karibu na goli ya juu, mpaka leo hajarudi. Hata Mathe aliikala chini, na ile ni kazi.

Salomon alisema kila mwenye ana jina ingine alilete. Mi nina jina. Nilitoka nalo mu mudomo kimya, nikaenda nalo nyumbani.

Adèle.

Mardi, tarehe 6

Adèle alikuwa anauzisha tangawisi nyuma ya goli yangu. Tangawisi kali, unakunywa, masikio inapiga filimbi. Mi nilikuwa nakunywa mbele ya mechi, mapumuziko ya mi-temps, na kila mara mupira uko mbali. Mechi moja niliomba arbitre ruhusa niende mu mikaratusi. Balitufunga goli mbili. Batu banasema nilikuwa gardien mubaya. Haikuwa ubaya. Ilikuwa tumbo.

Sikumuambia kitu. Nilikuwa nasema, "Leo iko kali." Yeye anasema, "Ni ya jana." Basi. Halafu akaolewa, akaenda Beni, mu Mulekera. Mi pia nikaoa. Mama ya batoto yangu alikuwa mutu muzuri, Mungu amupumuzishe, sina neno. Lakini mu kanisa nimesikia bwana ya Adèle naye alishakufa.

Sasa plan. Radio inatangazaka mechi za posho, siku ya samedi, Butembo na Beni yote inasikiliza. Siku moja itasema: mechi itachezwa kwa Stade Adèle, Kimemi. Yeye iko mu kikoni kule Mulekera. Anaacha mwiko. Anajiuliza, ni nani huyu alinikumbuka? Na anajua.

Akili ya mutu hakusoma!

Jeudi, tarehe 8

Shida moja. Hawawezi kuita stade jina ya mama wa tangawisi. Lazima mutu wa vita. Donc nimemupatia vita.

Nilieleza kwa kinyozi, mbele ya batu batatu. Nilisema: basikari balikuya kukamata kiwanja, bajenge kambi. Adèle alisimama katikati, beseni ku kichwa, akabaambia bapite juu yake kwanza. Basikari balimuangalia. Balikunywa tangawisi, baliomba ruhusa, balienda.

Nilisema basikari batatu. Magaribi nikapita ku soko, balishakuwa mia na char moja, ile gari ya vita ya chuma. Char! Mu ile mutelemuko! Kimemi inaongeza kupita mimi. Nilisikia wivu kidogo.

Samedi, tarehe 10

Inaenda muzuri. Batu banakumbuka. Mama Abigaïl wa soko anaapa alikuwa amebeba beseni ya pili. Muzee mumoja anasema yeye alikuwa ku ile char, na tangawisi ilimuponyesha malaria. Chef Salomon alinisalimia kwa mikono mibili.

Mathe tu anakataa. Anazunguka anasema Adèle hakuwa hapa wakati ya rebellion, na basikari balijenga kambi ku nyumba ya masomo, si ku kiwanja. Nilimuambia mbele ya batu asamehe, wakati ule alikuwa ku banc ya baremplaçant, bale banangojea kuingia, kutoka pale haionekane. Balicheka. Alienda bila kumaliza pombe yake ya kasiksi. Nilimumalizia.

Jokébed, mwenye mutoto wangu alimuoa, na mi nakaa kwao, aliniuliza juu gani naimba nikinyoa ndevu. Nilisema ni juu ya wembe mupya.

Dimanche, tarehe 11

Mubaya.

Batu balianza kufikiri, na siku ya Mungu! Kisha misa, mumoja alisema: kama basikari balikunywa, donc ule mama alikuwa anakunywesha barebelle. Mwingine: hawezi kubafukuza na neno tu, lazima alikuwa bibi ya Komanda. Mwingine: hapana, ya mukubwa wake. Sasa kuko ba-Komanda, kuko ba-Adèle, na kuko bale banasema bote bawili bapelekwe mu tribunal. Vijana bawili balikamatana mashati mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Balizaliwa vita ilishakwisha.

Komanda alipigana myaka kusudi batu bamugawanyikie. Adèle, mi nimemufikisha pale kwa juma moja.

Ile haikuniuma sana. Yenye iliniuma ni mama Agar. Alinikuta pa mulango ya kanisa, akaniuliza pole pole, bila hasira: "Papa Lusenge, kama aliweza kubarudisha ile siku, juu gani hakubarudisha siku ya kaka yangu?"

Niliangalia viatu. Viatu haikunisaidia.

Mardi, tarehe 13

Salomon amekata neno: tunaenda Beni kumuuliza Adèle mwenyewe. Yeye, Mathe, na mimi, juu mimi ndiye shahidi mukubwa.

Nimegonjwa. Kichwa, mugongo, na kitu ingine mu mbavu. Jokébed alileta dawa ya majani, chungu kabisa, akasimama mpaka niimalize. Alisema hii ugonjwa inajua programme ya Salomon. Halafu akafua shati yangu nyeupe, akapiga pasi mpaka kola. Sikumuomba.

Nilipona.

Jeudi, tarehe 15

Beni! Salomon alipanda moto, pikipiki ya kulipa, peke yake, kama chef. Mi na Mathe, moto moja. Mi katikati, dereva mbele, Mathe mugongoni, barabara yote ananipumua mu sikio ya kama mi ni muongo. Ku barrière askari aliuliza tunaenda wapi. Mathe alijibu, "Kuzika uongo." Askari alitupatia pole ya kilio.

Adèle alikuwa mu parselle yake, mbele ya nyumba, anageuza kakao ku turubai ya bâche kwa jua. Amezeeka. Mi pia, lakini kwake imekaa muzuri. Alituletea viti, akasikiliza Salomon mpaka mwisho: beseni, basikari, char. Pa char alicheka mpaka akaikala juu ya kakao.

Halafu akaacha kucheka. Alisema vita ilianza yeye alishahamia Beni. Alisema huku pia balizika batu, kule Oicha balizika mingi kupita, na hataki jina yake ikae juu ya mahali penye mutu mwingine analilia ndugu yake. Kama tunataka jina, tuulize ule mama.

Mathe aliniangalia bila kupepesa macho. Salomon hakuniangalia hata kidogo, ile ni mubaya zaidi.

Bakatangulia ku moto. Adèle akanisindikiza mpaka pa mulango ya parselle. Na pale akaniambia:

"Lusenge, kama ulitaka kuniona, si ungepanda tu moto?"

Mi, mwenye mudomo inajulikana mpaka Lubero, nilimujibu ya kama kakao inakauka muzuri.

Samedi, tarehe 17

Réunion. Salomon alieleza yote. Batu balinipigia miluzi, yenye sikusikia tangu ile mechi ya mikaratusi. Mama Abigaïl alinilaumu sana, yeye na beseni yake ya pili.

Baliuliza mama Agar. Alisema kaka yake alikuwa mutu wa haya, hangependa jina yake ipigiwe makelele. Bapande tu muti pale karibu na goli ya juu, na babaache batoto bacheze. Bote balikubali, hata ba-Komanda. Mutoto ya Komanda amepeleka mbao yake quartier ingine, yenye haina kumbukumbu. Kiwanja inabaki kiwanja.

Mathe anatangaza ya kama tukirudi nilianguka ku moto. Uongo. Moto ndiyo ilianguka. Mi nilibaki juu.

Lundi, tarehe 19

Jokébed amesema, akichambua majani ya sombe, bila kuniangalia, ya kama moto za Beni zinatoka kila asubui pa rond-point, na shati yangu iko safi. Anafikiri mambo ni rahisi hivi. Batu ya leo hapana jua kutengeneza kitu.

Mi nimeshapata plan ingine, ya nguvu. Mulekera kuko uwanja ya batoto, niliiona tukipita, karibu kabisa na kwa Adèle. Haina jina. Haiwezekane yeye aende soko bila kupita pale. Stade Lusenge! Kila siku atasoma. Kunabaki tu nitafute kitu kikubwa chenye nilifanya Beni wakati ya vita. Nitakipata, niko natafuta. Pale Mathe hana mutu wa kumuuliza.

Basi habari ni hii, na yote ni kweli kama nilivyoiandika. Isipokuwa neno moja. Ile ya Adèle pa mulango, ya kupanda moto, hakuisema. Aliniuliza tu kama barabara ilikuwa muzuri. Ile ingine nilijiambia mi mwenyewe, tukirudi, mu vumbi, na Mathe mugongoni.