Mwenyekiti Anahamia Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Binti amepiga simu saa moja asubuhi. Hakuuliza hali yangu. Aliuliza hali ya Mwenyekiti.

Mwenyekiti ni kenge. Nimemwambia binti hajambo, anakula mayai manne kwa siku na kulala bafuni kama mwenye nyumba. Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Akasema bafu si mahali pa kenge wa mita moja na nusu, kwamba ananiambia tangu mwaka jana, na kwamba Jumamosi anakuja na futi ya kupimia. Anataka nyumba ya mita mbili na nusu, yenye udongo wa kuchimba, maji ya kuogelea, upande wa joto na upande wa baridi. Asipoikuta, Mwenyekiti anahamia kwa mjomba wake.

Kwa mjomba wake! Yaani shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye ua mkubwa na mdomo mkubwa zaidi.

Niandike ukweli, maana daftari halina mdomo. Tangu apate kazi ya maabara mji mwingine, binti anakuja mara moja kwa mwezi. Anampima Mwenyekiti uzito, anamkata kucha, anakula, analala, anaondoka. Kenge akienda kwa mjomba, binti naye ataenda kwa mjomba. Mimi nitabaki na bafu.

Mke wangu anasema bafu ndilo analolitaka. Mwezi wa nane huu anaoga na mfuniko wa sufuria mkononi.

Jumanne, 4 Machi

Akili ninazo, sema watu hawazioni. Mimi ni fundi friji mwaka wa ishirini na mbili. Karakana yangu imejaa marehemu. Nimechukua milango mitatu ya vioo kutoka friji za soda za dukani, ile inayojifunga yenyewe ukiiachia. Friza bovu nimelikata, litakuwa bwawa. Nyumba itakaa sebuleni, palipokuwa na kochi. Kochi litakaa kwenye korido.

Mke wangu amerudi kutoka kazini, amelikuta kochi, amelipita kiubavu bila kusema neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo bado.

Jioni nimekwenda kwa shemeji kupeleleza. Kisingizio: kuazima drili. Loo! Ameshasimamisha kizimba cha nondo na wavu, mtu anaweza kufanyia harusi humo. Amekipaka rangi ya kijani. Roho iliniuma. Nikakohoa kitaalamu, nikamwambia kwa masikitiko kwamba kijani huwatia kenge hofu, wanaweza hata kuacha kula. Alishtuka, akanishukuru, akanipa drili na misumari juu. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji amepaka kizimba upya, rangi ya udongo. Kimependeza mara mbili. Amenitumia picha na maneno: asante sana shemeji, wewe ni mtaalamu. Nimeifuta. Baadaye nimeitafuta kwenye picha zilizofutwa, nikaiangalia tena. Kimependeza kweli.

Kwangu mbao zimesimama na vioo vimekaa. Udongo ndio mtihani. Ndoo arobaini na moja, mgongo haunitambui tena. Zilipobaki ndoo mbili nikaazima kwenye vyungu vya maua vya mke wangu. Maua yenyewe niliyalaza juu ya gazeti, kwa adabu.

Mshindo umefika. Sitaandika yote. Alisema hajapata kuona mwanamume mzima anashindana na shemeji yake kwa ajili ya mjusi. Nikamwambia si mjusi, ni kenge. Haikusaidia.

Alasiri nimefunga taa ya joto na kidhibiti chake, kile kidude cha kuwasha na kuzima chenyewe. Kazi ya dakika kumi, ningeweza kuifanya nimefumba macho. Jua lilikuwa linapiga kioo, sebule tanuri, taa ikawaka bila shida. Nilipofungua mlango kumwingiza Mwenyekiti, joto likashuka, taa ikazima. Nikasema safi sana, inajirekebisha. Mwenyekiti alinusa kila pembe kwa ulimi, akachimba, akajilaza. Nilikaa sakafuni kumtazama mpaka chakula changu kikapoa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imenyesha hadi alfajiri. Nimeamka nimekuta vioo vya baridi, taa imezima, Mwenyekiti amekakamaa kama gogo. Nimemshika: baridi. Nimempulizia: kimya. Nilichokiona mbele yangu ni uso wa binti.

Nikapiga kelele. Mke wangu akaja na mfuniko wa sufuria. Alimwangalia, akauweka mfuniko chini, akavuta kigoda karibu na jiko, akasema nimletee. Yeye, ambaye hajawahi kumgusa hata kwa fimbo! Akamfunika kwa sweta lake, akampakata, akamsugua mgongo taratibu, akimsemesha kwa sauti ile aliyokuwa akimsemesha binti akiwa mdogo na homa. "Amka, baba, amka. Mwenzio anakuja Jumamosi, tutamwambia nini?" Mimi nilisimama na kikombe cha maji ya moto, nisijue ni cha nani.

Baada ya nusu saa ulimi ukatoka. Ukarudi. Ukatoka tena. Mke wangu akalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza zamani.

Shemeji akaitwa. Si na mimi. Alifungua kidhibiti, akanitazama, akauliza kama nimekitoa kwenye friji. Sasa ningekitoa wapi? Basi akaeleza polepole, mbele ya dada yake, kwamba cha friji huwasha mashine kukiwa na joto na kuizima kukiwa na baridi. Kwa hiyo taa yangu iliwaka ilipokuwa haitakiwi, na ilipotakiwa ikalala. Miaka ishirini na miwili nalijua hilo! Mkono ulifunga ulichozoea kufunga, kichwa hakikuulizwa.

Nikangoja acheke. Hakucheka. Akatoa mfukoni kidhibiti cha mashine ya kuangulia vifaranga, alichokuwa amejinunulia kwa ajili ya kizimba chake, akanifungia. Kisha akampapasa Mwenyekiti kichwani, akasema pole mzee. Sijawahi kumchukia shemeji kama leo.

Ijumaa, 7 Machi

Joto sawasawa. Nimelipima mara kumi na nne.

Mke wangu ametoa sharti moja: komeo, tena la nje. Mwenyekiti alishajifunza kufungua mlango wa bafu, naye hataki kumkuta kwenye kochi la koridoni. Nimefunga komeo la chumba cha barafu, zito, linalodondoka lenyewe mlango ukigonga. Hata kenge mwenye shahada hatoki humo.

Mchana nimemkuta mke wangu amepiga magoti ndani ya nyumba ya kenge, mlango ameuzuia kwa kigoda. Anapanda maua yake. Alisema udongo wake uko humo, basi na maua yaufuate. Mwenyekiti alingoja amalize, akaenda akalala juu ya maua. Nikajiandaa kwa mshindo. Mke wangu akasema mwache, amechoka.

Jumamosi, 8 Machi

Binti amefika saa nne. Amepima. Amepima tena. Amegonga vioo, ameonja maji ya bwawa kwa kidole. Uso haukusema kitu, uso wa maabara. Kisha akaingia ndani kupima kina cha udongo. Nikaingia nyuma yake kumwonyesha pango.

Mlango ukajifunga. Komeo likadondoka.

Mke wangu alikuwa ametoka kwenda sokoni. Simu zote mbili ziko mezani, tunaziona vizuri kabisa kupitia kioo.

Tukakaa kwenye udongo, magoti kidevuni, Mwenyekiti akitutazama kama wapangaji wasiolipa. Dakika kumi tulizungumzia unyevu. Kisha binti akauliza kwa nini nimeuvunja mgongo wangu wiki nzima, na kwa mjomba kuna kizimba tayari. Nikaanza kutia chumvi kuhusu haki za wanyama. Akanikazia macho, na macho yale ni ya mama yake. Nikajikaza kisabuni, wapi. Ikanitoka.

"Akienda yeye, na wewe hutakuja tena."

Akampangusa Mwenyekiti udongo mgongoni. Halafu akasema kenge hapimwi kila mwezi, mara mbili kwa mwaka zinamtosha. Kucha huzipunguza mwenyewe kwa kuchimba. Yeye ndiye aliyekuwa akitafuta kisingizio tangu ahamie, kwa sababu siku moja alikuja bila sababu nikamwuliza kama amefukuzwa kazi. Ni kweli nilimwuliza. Nilikuwa nimefurahi mno, sikujua niseme nini.

"Baba, mimi huwa nakuja kukuona wewe," akasema.

Nililia. Nikasema ni taa. Akaegemeza kichwa begani kwangu, na Mwenyekiti akatupandia wote wawili, mzito kama gunia la chumvi, akalala. Sikutaka mtu atufungulie.

Mke wangu aliporudi alitutazama kupitia kioo kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuchemsha chai kwanza.

Nyumba imepita. Shemeji alikuja jioni, akaizunguka mara mbili, akasema imepita kwa haki. Kizimba chake atafugia bata.

Jumapili, 9 Machi

Binti ameondoka asubuhi. Mlangoni alirudia maneno yake polepole, kama anayemnywesha mtoto dawa: atakuja tu, kenge awepo asiwepo, wala nisimtafutie sababu. Nikamwambia nimeelewa. Akaniuliza nimeelewa nini. Nikayarudia yote, neno kwa neno. Akanikumbatia.

Mchana nimempigia simu mfugaji mmoja wa upande wa pili wa mji, anayehama na hajui pa kuwaacha tegu wake. Tegu ni mijusi wakubwa, weusi kwa weupe, wenye mashavu kama wametoka kula kwa jirani. Wapo watatu. Nimemwambia asimpe mtu mwingine.

Hesabu yake haihitaji chuo. Kenge mmoja, binti anakuja Jumamosi moja kwa mwezi. Wakiwa wanne, kila Jumamosi.

Mke wangu yuko bafuni, anaoga huku anaimba. Nimeanza kupima chumba cha kulala.