Mbuzi wa Mjomba Mgongoni Bluu

Jumatatu, tarehe 6

Wameingia zizini wote, isipokuwa beberu. Huyo amenivuta mpaka kwenye miiba! Suruali kwaheri. Nimemsukuma kwa makalio mpaka akaingia.

Mbuzi ni wa mjomba. Kwa kinyozi nilisikia afisa wa msaada wa ukame anakuja kuhesabu mifugo. Nikapiga hesabu yangu: mifugo mingi, pesa nyingi. Kuuliza sikuuliza. Naona aibu kuuliza. Nimemwomba mjomba aniazime, akasema chukua wote, mpwa wangu, damu nzito kuliko maji. Mtu mwenyewe hata chumvi haazimi! Ajabu.

Ng'ombe wetu, Bibie, leo tena hakuweza kusimama. Tumemwinua, mama kwenye pembe, mimi mkiani. Ana mimba na mbavu zote nje. Asipopata pumba, tutamkosa yeye na ndama. Nimemwambia mama atulie, mwanawe ana akili. 

Jumanne, tarehe 7

Afisa amekuja na pikipiki na kopo la rangi. Mnyama akihesabiwa anapakwa bluu mgongoni, asije akahesabiwa tena kwa jirani. Beberu alipopakwa akaja kujifuta kwenye shati langu. Sasa na mimi nimehesabiwa!

Afisa akauliza hawa wote ni wako, kijana? Nikaangalia viatu vyake. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema hongera, wewe ukame haujakugusa. Mama akaanza kukohoa. Nikamkanyaga kidogo.

Halafu pikipiki ikaelekea kwa mjomba. Mjomba alikuwa ameshakaa chini mlangoni, mikono kichwani. Sijui anaumwa nini.

Ijumaa, tarehe 10

Haumwi!

Leo majina yamesomwa kwa kipaza sauti. Kumbe msaada ni wa waliofiwa na mifugo. Mjomba wa kwanza! Afisa alikuta zizi lake halina hata kwato, na yeye analia eti ukame umemmaliza. Mimi simo kabisa. Mimi tajiri.

Jioni amekuja kuchukua mbuzi wake, anapiga mluzi. Nikajikaza, nikamwomba pumba kidogo ya Bibie. Akasema tajiri haombi, mpwa wangu, utatutia aibu ukoo mzima. Watu njiani wakacheka.

Mama hakucheka, wala hakunisema. Alikaa karibu na Bibie, akamshika sikio. Afadhali angenitukana.

Jumapili, tarehe 12

Mama amekwenda mwenyewe kwa afisa. Amemweleza yote, hata ile habari ya kukanyagwa. Afisa akamwonea huruma. Amesema leo anarudi na magunia ya pumba, na atatoa kwa kila mnyama atakayemwona kwa macho yake. Mama amekwenda kumpokea barabarani. Ameniambia nikae na Bibie, nisifanye kitu. Amerudia: kitu chochote!

Mama ni mwema, lakini mambo ya serikali hayajui. Kwa kinyozi wote wanasema zizi tupu ndilo linalolipa. Nami nimeona kwa macho yangu, mjomba amelipwa! Nimemwomba anifichie Bibie. Amekubali kabla sijamaliza kuomba.

Naacha hapa. Nasikia pikipiki kilimani, na Bibie siku hizi anatembea polepole.