Mlinzi wa Uwanja wa Asikasu

Kibao kilikuwa kitupu, na kibao kitupu kilimtia Yaw Dartey njaa kuliko sahani ya kenke na samaki. Halmashauri ilikuwa imekisimika katikati ya uwanja wa Asikasu, ikaandika juu kwa rangi nyekundu HISTORIA YA UWANJA HUU, kisha wazee wakashindwa kuelewana ni historia ipi. Chini yake hapakuwa na kitu.

Dartey alikuwa anapita tu, akiukimbia mji wa jirani alikouza dawa ya kuotesha nywele kwa watu ambao hadi leo hawavui kofia. Akautazama mnara wa saa uliogoma saa nne na dakika kumi tangu enzi za mababu. Akakitazama na kisiki cha saruji, kimo cha goti, ambacho akina mama walianikia pilipili. Akatabasamu. Mungu hamtupi mja wake, hata mja wa namna ile.

Adhuhuri ilimkuta barazani kwa Mzee Kusi Brempong, mwenye kiwanda cha mbao, tajiri aliyekosa kitu kimoja tu: babu wa kujivunia. Babu yake aliingia Asikasu akiwa na mizigo ya watu kichwani, na mji mzima unajua.

"Mzee, mimi ni mtafiti wa mambo ya kale. Kile kisiki cha uwanjani, unajua nani alikijenga?"

"Ah, kisiki tu kile."

"Ndivyo walivyotaka udhani! Alikijenga babu yako, siku aliyowakatalia wazungu kodi. Hiyo habari ya uhamali ni wivu wa watu."

Mzee Brempong alisahau kufunga mdomo. "Na kibaoni itaandikwa hivyo?"

"Kwa rangi isiyofutika. Ila utafiti ni kutembea, Mzee, na mimi sina usafiri."

Mzee akaitupia jicho pikipiki yake mpya. "Liseme hilo mbele ya Nana, chifu wetu, na ile ni yako."

Asikasu neno la kale halisemwi hivi hivi. Unalisema uwanjani mbele ya Nana, mababu wanamwagiwa pombe ya jini, nawe unamalizia iliyobaki kwenye glasi. Ukishameza, neno halirudi. Dartey alipoelezwa alicheka kimoyomoyo. Jini ya bure, nani akatae?

Siku ya soko Nana akaketi chini ya mwavuli wake mkubwa. Wapasua mbao wa Mzee Brempong wakajipanga nyuma ya tajiri wao, vifua wazi. Dartey akaongea mpaka wauza nyanya wakaacha kuuza. Alipotua kuvuta pumzi, Maame Pokuaa, kikongwe aliyefagia uwanja ule, akauegemea ufagio wake.

"Mwanangu, umesema vizuri. Ila hayo hata Nana hayajui. Wewe umeyatoa wapi?"

Mwongo hodari haachi pengo. "Kwa babu yangu, Maame. Ndiye aliyekabidhiwa uwanja huu aulinde."

"Ee! Mlinzi?"

"Mlinzi hasa! Alikuwa akiufagia kila alfajiri."

"Hebu rudia, Nana asikie."

Dartey akarudia, na chozi akaongeza. Msemaji wa Nana akamwaga jini, akampa glasi. Dartey akapiga funda moja, ikaisha.

Maame Pokuaa akapiga kigelegele. "Mjukuu wa mlinzi amerudi! Miaka ishirini na miwili namshikia nafasi yake!" Akamkabidhi ufagio.

Msemaji, uso mkavu, akatangaza masharti: mlinzi hufagia kila alfajiri, halali nje ya mji mpaka atokee mwingine wa kudai urithi huo, na zawadi yake ya kwanza humwendea mlinzi anayestaafu, ya kumfuta jasho.

"Nana, kusema kweli mimi..."

"Kusema kweli nini?" Mzee Brempong aliuliza taratibu, na wapasua mbao wakasogea hatua moja. "Babu yako hakuwa mlinzi? Maana kama wa kwako ni uongo, na wa kwangu je?"

Dartey aliitazama mikono ya wale wapasua mbao. "Alikuwa, Mzee. Alikuwa kabisa."

Maame Pokuaa akakaza kitambaa chake kichwani, akaipanda ile pikipiki ya zawadi na kuiwasha kwa teke moja, kama mtu aliyewahi kukimbia miji. Akamwinamia Dartey sikioni.

"Kile kisiki kilibeba mzani wa kakao. Wakulima walipunjwa hapo mpaka basi."

"Sasa Maame, kama ulijua, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mimi nilikuja hapa kuuza bangili za bahati. Nikawatungia habari za ile saa, wakaniuliza nimezitoa wapi. Nikasema bibi yangu alikuwa mlinzi wa uwanja." Akacheka mpaka pikipiki ikayumba. "Kibao bado kina nafasi, mwanangu. Omba aje mwongo mwenzio."

Akaondoka, vumbi likatanda uwanja mzima. Dartey alisubiri litulie, akakunja mikono ya shati lake la hariri, akaanza kufagia upande wa kituo cha magari, pale wageni wanaposhukia.