Hotuba ya Awamu ya Pili ya Programu ya Macho Mbele

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Nasavulevu, Mheshimiwa Makamu wake, Turaga ni Koro, mkuu wetu wa kijiji, na wazee wote mlioketi mkekani, Mchungaji, Pandit wa hekalu la Wahindu, Mwalimu Mkuu Bi Premila, madereva wa mabasi ya shule, kina mama wa kamati ya chai, na ninyi wengine ambao itifaki haijapata nafasi ya kuwatambua, nawasalimu, bula vinaka. (Ukumbi: "Bula.") Bula hiyo imelegea, lakini naipokea.

Mimi, Isireli Qoroya, Mkurugenzi Msaidizi Mwandamizi wa Utulivu wa Kidijitali, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hata ofisini wamekiri hawajawahi kuuona kwa mtu wa cheo changu, ili kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa programu ya simu iitwayo Macho Mbele, ambayo dhima yake ni kufunga mitandao, michezo na video pale dereva anapokuwa kwenye usukani, kwa mujibu wa mpango mkakati nilioubuni mwenyewe nikiwa naoga.

Mtakumbuka kwamba mwezi Februari basi la shule liligusana na ukingo wa daraja. (Sauti kutoka nyuma: "Halikugusana. Liligonga." Anasimama Apisai Nakelo, dereva wa basi hilo.)

("Nilikuwa naangalia raga kwenye simu, bwana mkubwa. Nyuma nina watoto ishirini na wawili. Gurudumu la mbele lilikuwa linaning'inia juu ya maji.")

Asante, dereva, kwa mchango huo wa hisia. Kwa faida ya wageni, huyu ndiye aliyeandika barua kwa mkono wake akisema amejaribu kuiacha simu na ameshindwa, akaomba serikali imsaidie, na ofisi yangu ikamjibu kwa kasi ya wiki kumi na moja. Leo hii madereva wote kumi na wanne wana alama ya Macho Mbele kwenye simu zao, sawa na asilimia mia moja, na ukimjumlisha yule aliyestaafu tunafika asilimia mia moja na saba, kiwango ambacho hakijafikiwa kokote katika bahari hii. (Makofi mawili, kutoka kwa Makamu.)

Nafahamu yapo manung'uniko ya kiufundi. Mnadai kwamba mkiibonyeza hiyo alama inatokea picha yangu nimenyoosha kidole, chini yake pameandikwa "Tafadhali subiri", kisha video zinaendelea kama kawaida. Ndugu zangu, hilo ni kosa la mtumiaji, na mwongozo wa kurasa arobaini umelifafanua kinagaubaga: zima simu kisha uiwashe, futa programu uiweke upya, ipe ruhusa zote inazoomba na hata isizoomba, izuie simu isiilaze kwa kisingizio cha kuokoa betri, na uhakikishe saa ya simu yako inakwenda sawa na saa ya ofisi yangu.

("Nimefanya yote hayo," anasema Apisai. "Mara tisa. Nikakupigia, ukaniambia nitafute mtandao. Nikapanda kilima, bwana. Picha yako ikawa inaniangalia tu." Kicheko.)

Kicheko hakimo kwenye ratiba. Dereva, nikuulize mbele ya wadau: ulipokuwa unabonyeza, ulikuwa katika hali gani?

("Nilikuwa naogopa.")

Ndiyo hiyo. Hofu huleta jasho la vidole, na jasho huvuruga kioo. Katibu, liingize kwenye mwongozo, ukurasa wa arobaini na moja.

(Bi Premila ananyanyuka. "Mkurugenzi, samahani. Tangu Machi Apisai hajagonga hata kuku. Kila asubuhi, kabla hajawasha basi, ananiletea simu yake, naifungia kwenye kabati la chaki. Jioni anaichukua. Sasa wenzake sita nao wanaleta.")

Mmesikia wenyewe. Naelekeza iandikwe kwamba kabati hilo ni Awamu ya Pili ya Macho Mbele, matunda ya moja kwa moja ya uongozi wangu, na kuanzia leo litabandikwa picha yangu.

("Kabati ni langu," anasema Bi Premila. "Nilitoka nalo nyumbani." Makofi marefu, watu wamesimama.)

Nayapokea makofi hayo kwa niaba ya ofisi. Sasa, nikisema Macho, mseme Mbele. Macho! (Mama mmoja tu wa kamati ya chai anasema "Mbele" kwa sauti ndogo, kisha anakohoa.) Simu chini, maendeleo juu!

Kwa kuhitimisha, namshukuru mpiga picha aliyenipiga picha ile kwa subira, msanii aliyechora alama, na mchapaji wa mwongozo. Na kwa namna ya pekee natanguliza shukrani kwa mtaalamu wa mji mkuu, Suva, ambaye, ofisi ikishampata, atakuja mwakani kuanza kuitengeneza programu yenyewe. Asanteni kwa kunisikiliza.

("Kwa hiyo haipo," anasema Apisai. Anavaa kofia yake na kutoka kwenda kwenye basi. Watoto wanatoka shuleni saa nane na nusu.)