Orodha ya Waliokula Tambi

Tarehe 9 Julai 1950, asubuhi. Mvua kubwa, ukungu umelala juu ya majaruba ya mpunga. Siku hiyo ilizinduliwa rasmi Kamati ya Utambuzi wa Wakomunisti, Kijiji cha Solgol. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Katibu pia mimi, kwani nilikuwa nimehitimu darasa la jioni la kusoma na kuandika, nikiwa na miaka arobaini na saba.

Sababu ya kamati ilikuwa nzito. Marekani na Urusi zilikuwa zimegombana juu ya namna sahihi ya kugawana mali za dunia, na kwa kuwa kwao ni mbali, ikaonekana tupigane sisi Wakorea. Jeshi la kaskazini lilikuwa linashuka. Luteni Pyo Gi-tae wa serikali ya kusini akaja na lori, akitaka majina kabla ya adhuhuri. Nikificha hata moja, kijiji kitachomwa.

"Mkomunisti ni nani hasa?" niliuliza, kalamu mkononi.

"Yeyote aliyehudhuria mkutano wa wakulima mwaka arobaini na sita."

"Ule wa tambi za bure?"

"Andika."

Katika kijiji jirani, waliopanda lori juzi hawakurudi. Mke wangu alilijua hilo, na alijua kwamba mwanetu Deoksu alikula bakuli tatu.

"Baba Deoksu, umesomea kuandika ili umzike mwanao?"

"Ni kazi ya serikali, Mama Deoksu. Tuombe."

Niliomba nusu saa, nikimsihi Mungu anioneshe njia. Hakunionesha. Nikaandika, na aibu yangu niiseme: herufi zilipendeza, nikafurahi.

Solgol wote ni ukoo wa Pyo, na orodha ya ukoo haiandikwi ovyo. Hutangulia wa kizazi cha juu, hata akiwa kijana. Deoksu akaangukia mwisho, namba thelathini na moja. Nikasimama uani, nikasoma mbele ya watu wote.

"Namba moja, Pyo Gi-tae."

Luteni, miaka ishirini na tisa, akanitazama. "Hilo ni jina langu."

"Ndiyo, babu mdogo. Kabla hujatoka hapa kwenda jeshini, ulikula mbili, ukaongeza mchuzi."

"Tena alisema chumvi haijakolea," alidakia bibi mmoja aliyepika siku ile.

"Nifute."

"Nimfute babu, niwaache wajukuu? Haijapata kutokea katika ukoo huu."

Sajini wake, mtu wa mbali asiye na ukoo nasi, akafungua mlango wa nyuma wa lori. "Afande, agizo linasema wapande kwa kufuata namba."

Luteni alinipokonya karatasi, akaichana vipande vipande. Herufi zangu zikaloa kwenye tope, na niliumia kidogo. Kisha akavua kofia kwenye mvua, akatamka kwa sauti:

"Sajini, nanyi ukoo wa Pyo, nishuhudieni. Solgol hapakuwa na mkutano, hapakuwa na tambi, na maadamu mimi ni hai, hapandi mtu wa hapa kwenye lori hili."