Kunyimwa Mjukuu kwa Sababu ya Tumbo

Ileje,
Jumapili, tumetoka kanisani

Kwa Mama Atupele,
Mkuu wa Tumbo la Mjukuu Wangu,
Tunduma.

Mkamwana wangu Happy,

YAH: MALALAMIKO YA BIBI ALIYEPOKONYWA MTOTO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na simu yako. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na kuni kichwani, kwa hiyo nasema na Mwinjilisti Jastin anaandika. Ameniomba nipunguze ukali. Nimepunguza, huu ndio uliobaki.

Mwezi wa sita mlimleta Atupele na begi lake na karatasi. Ukaibandika jikoni kwangu, ukijua vizuri kwamba sisomi; Jastin akaanza kunisomea, alipofika "asipewe karanga, zinamdhuru" nikamwambia inatosha. Alikaa wiki mbili, akatoka vipele, tumbo likamharisha, mkaja kumchukua mbio kama nyumba inaungua. Sasa Yesaya anapiga simu anasema Desemba mtoto haji. Mwanangu nimemzaa mwenyewe, najua akisema maneno ya mke wake. Sauti huwa nyembamba.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nasikia unamnunulia mtoto kichupa chenye vijidudu vizuri vya tumbo, vimeandikwa ni vya asili. Hongera. Wewe uliyekulia Momba kwenye ng'ombe, ukanywa maziwa mgando kwenye kibuyu mpaka ukapata mashavu hayo, leo unampimia mtoto matone matano. Vijidudu vya baba yako vimekukosea nini? Au vilikosa kizibo?

2. Yule mama wa kwenye simu anayekufundisha mambo ya asili, ana wajukuu wangapi? Mimi nina kumi na mmoja, wote wanakwenda chooni bila semina.

3. Ulinikataza nisimwache achezee udongo. Juzi huyo mwalimu wako wa simu akasema udongo unamzoesha mtoto asidhurike ovyo, na sasa mnampeleka kuchimba kwenye beseni. Mimi huku nina mlima mzima, hauna beseni.

4. Hili ndilo linaniuma. Unasema nilimpa karanga. Happy, sikumpa hata punje. Mboga yake nilimpikia mbali, kwenye sufuria mpya. Asubuhi alikunywa uji wa ulezi, ambao nimeutwanga kwa mikono hii kwenye kinu cha marehemu mama yangu. Kinu hicho hakijawahi kuguswa na maji, maana kikioshwa kinapasuka; tunakifuta kwa pumba tu, na kimelea watu wa vizazi vinne. Mtoto alikuwa anamaliza bakuli na kulamba kijiko. Kama uji huo ni sumu, basi mimi ni marehemu na Jastin anamwandikia mzimu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: Atupele aletwe Desemba yote. Kichupa kibaki Tunduma. Mwalimu wa simu aletwe naye, nimpe jembe, apate asili ya kumtosha. Na wewe uje uniombe radhi mbele ya kinu.

Msalimie Yesaya, mwambie asinenepe. Wasalimie Mama Conjesta na majirani wote wa mstari wenu. Gwantwa wa hapa jirani anawasalimu, na kuku wa Atupele ametotoa.

Ni mimi mama mkwe wako, nisiye na kinyongo hata kidogo,
Bibi Tusekile

N.B. Usiichane kwanza. Tulipomaliza nikamwambia Jastin anisomee ile karatasi yako tena, nikucheke vizuri. Kumbe ina mstari wa pili, ambao siku ile sikusubiri kuusikia: wala chochote kilichogusa karanga. Nikaenda jikoni, nikaingiza kichwa kwenye kinu. Happy, kinanuka karanga za mboga tangu mama yangu yuko hai. Kila asubuhi nilikuwa nampa, na yeye analamba kijiko.

Kinu nimempa Gwantwa. Fundi ananichongea kingine, hakitaonja karanga mpaka nife. Kichupa njoo nacho, matone nitahesabu mwenyewe, kuhesabu najua. Kama bado unaogopa, mwache mtoto kwa Yesaya, tangulia wewe peke yako, uninuse mikono.