Wiki ya Tumbo Tulivu

"Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye njaa na walioshiba, kwamba kuanzia Jumatatu matumbo yote kati ya Kitale na Bungoma yatafanya kazi kwa utaratibu, kwa uwazi na bila kelele."

Ndivyo ilivyosema spika iliyofungwa juu ya gari la serikali lililozunguka mjini Kitale asubuhi moja ya mwaka 2005. Sauti ilikuwa ya Bwana Muturi Ngige mwenyewe, Mratibu wa Mpango wa Pamoja wa Tumbo Tulivu.

Ngige hakuwa daktari. Alikuwa amesomea misitu. Lakini misitu ilikuwa imepungua sana na yeye alikuwa bado yupo, kwa hiyo serikali, ambayo haipendi kupoteza mtaalamu, ilimhamishia matumboni. Aliupokea uhamisho huo kwa heshima. Alisoma kitabu cha sayansi cha binti yake Mukami, akakirudia, akaridhika kwamba tumbo si jambo la kumshinda mtu aliyewahi kusimamia mikaratusi.

Mpango wenyewe ulizaliwa na aibu. Mkuu mmoja kutoka mkoani alikuwa akihutubia semina ya maendeleo, na alipofika mahali pa kuwataka wananchi wavumilie, tumbo la mtu fulani katika safu za nyuma likaunguruma kwa muda mrefu, kama lori la mahindi linalopanda mlima. Watu walicheka. Hakuna aliyekamatwa. Ofisi ikaona wazi kwamba hapo palikuwa na pengo katika sheria.

Kamati ikaundwa. Katika kikao cha kwanza, ofisa wa itifaki, Bwana Kipketer, mtu mrefu ambaye hata akikaa huonekana amesimamia kitu, alisema kwamba neno "choo" haliwezi kutamkwa mbele ya mgeni rasmi. Mjadala ulikuwa mkali. Baada ya chakula cha mchana wajumbe walilegea, ikakubaliwa neno liwe "tokeo". Mtu akienda choo, ametoa tokeo. Mtu akiharisha, ana matokeo ya mfululizo. Na mtu ambaye haendi kabisa, tokeo lake linashughulikiwa.

La Ngige lilikuwa linashughulikiwa.

Kazi ya mratibu ni vikao, na vikao ni nyama. Asubuhi palikuwa na mandazi na chai ya maziwa, baadaye soseji, mchana pilau ya mbuzi, na jioni keki ya kuwashukuru waliobaki macho. Maji aliyatumia kumezea vidonge vya kiungulia tu, kwa sababu anayekunywa maji hutoka nje, na mambo mazito huamuliwa mtu akiwa nje. Mboga aliwaachia wananchi. Tumbo lilipomwita katikati ya kikao, kama linavyomwita binadamu yeyote, aliliambia lisubiri. Likasubiri. Baada ya muda likaacha kuita kabisa, naye akalihesabu hilo kuwa fanikio la kwanza la mpango.

Mkewe, Wangechi, aliyenunua mahindi katika mji mdogo wa Kwanza na kuyauza Kitale, hakuliona fanikio hilo.

"Baba Mukami, hiyo suruali imekataa kufunga."

"Imerudi ikifuliwa."

"Na mshipi? Mshipi pia unafuliwa? Si uende hospitali bana. Siku hizi unalala umekaa kama mtu anangoja gari."

"Mama Mukami, mimi ndio tumbo la wilaya mbili. Watu wakiniona kwa laini ya hospitali nimejishika hapa, watasema nini?"

"Watasema unaumwa."

"Sasa hiyo ndiyo shida."

Wangechi alimwekea papai kwenye sahani. Ngige alilitazama, akaliona ni la kiraia, akaliacha mezani.

Siku ya kuzindua Wiki ya Tumbo Tulivu, msafara uliondoka Kitale kuelekea Bungoma. Itifaki ilitaka usimame Webuye, kwa Phelista, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kilichochaguliwa kuwa mfano wa matumbo mema. Phelista alikuwa amechinja jogoo wake mkubwa na kupika ugali wa wimbi. Alipopakua, alichukua firigisi, ile ambayo kwao hupewa mgeni wa heshima pekee, akaiweka mbele ya Ngige.

"Kula, mkubwa. Hiyo si ya mtu mwingine. Ukiacha, nitajua nimekukosea."

Tangu walipopita Kiminini, Ngige alikuwa akihisi kama amemeza jiwe la kusagia. Lakini hakutaka kumvunjia mama wa watu heshima, na pia firigisi ilikuwa na mchuzi. Akala. Akala paja, akala ugali, akaongezwa ugali, akauondoa. Alipoinuka, alipumua kwa vipande vidogo vidogo, kama mtu anayeonja supu ya moto.

Uwanjani Bungoma watu walikuwa wamejaa, kwa kuwa tangazo lilikuwa limetaja soda. Nyuma ya jukwaa ilitundikwa ramani ya tumbo, imechorwa kwenye kitambaa na fundi wa mabango ya bucha, ndiyo maana matumbo yote yalionekana yako tayari kuchomwa. Ngige akashika fimbo.

"Huu ni mdomo. Mdomo ni ofisi ya mapokezi. Chakula kikifika hapa kinakaguliwa na meno, kinalainishwa na mate. Halafu kinateremka kwa umio, ambayo ni barabara nyembamba, mpaka hapa, tumboni. Hapa ni makao makuu! Hapa kuna asidi kali. Hakuna kinachoingia makao makuu kikatoka vile kilivyoingia!"

Watu wakapiga makofi. Walikuwa wanaijua hiyo.

"Kisha tunafika utumbo mwembamba. Usidanganywe na jina, ni mrefu kuliko hili jukwaa. Hapa ini linaleta nyongo ya kushughulikia mafuta, na kila kitu cha maana kinafyonzwa. Sukari, protini, vitamini, vyote vinachukuliwa hapa. Kinachobaki kinapelekwa utumbo mpana, ambao unafyonza maji. Na baada ya hapo..." Fimbo ikashuka. "Baada ya hapo kuna tokeo."

Mwanamke mmoja aliyevaa aproni ya soko aliinua mkono. Alikuwa Nakhungu, muuza mboga, na hakungoja aitwe.

"Mheshimiwa, mimi niko na swari."

"Uliza, mama."

"Huko juu wanakagua. Hapo katikati wanachukua vitu vyote vizuri. Hapo chini wanachukua mpaka maji. Sasa sisi wananchi, kwa hiyo ramani, tuko wapi?"

Ngige aligeukia ramani. Fimbo yake ilikuwa imekomea mwisho kabisa wa utumbo mpana, na chini yake hapakuwa na mahali pengine pa kuipeleka ila nje ya kitambaa.

"Wananchi," akasema, "wananchi ndio..."

Hapo jiwe lile la kusagia likazunguka. Jasho likamtoka, na Mratibu wa Tumbo Tulivu akaanguka pamoja na ramani yake, kichwa kikiwa mdomoni na viatu kwenye tokeo.

Kipketer alikuwa mtu wa utaratibu. Alijua kwamba ofisa wa ngazi ile haanguki hivihivi, huangushwa. Akanyakua kipaza sauti.

"Wananchi, tulieni! Mratibu amewekewa kitu kwa chakula!"

Kabla Ngige hajafikishwa kwenye zahanati ya karibu, redio ilikuwa imeshatangaza, na askari wawili walikuwa njiani kwenda Webuye kumchukua Phelista.

Zahanatini alikuwepo Daktari Chepkorir, mwanamke kijana mwenye vidole baridi. Alimbonyeza Ngige tumbo hapa na pale, akasikiliza, akauliza kama ametapika au ametokwa na damu. Hakuwa ametapika wala kutokwa na damu.

"Choo ulienda lini, mzee?"

"Tokeo la mwisho..."

"La nini?"

"Tokeo."

"Mzee, hapa hatungoji mtihani. Nauliza choo."

Ngige alitazama dari. "Kabla ya ile semina ya Eldoret."

"Hiyo semina iliisha?"

"Ilifuatwa na ya Nakuru."

Chepkorir aliweka mikono kiunoni. "Hakuna sumu hapa. Utumbo mpana kazi yake ni kuvuta maji. Choo kikikuita ukakikataa, utumbo hauachi kazi, unaendelea kuvuta tu, mpaka kinachobaki ni tofali. Na wewe juu unaongeza nyama, hakuna mboga, hakuna maji, siku nzima umekaa. Itasukumwa na nini? Una bahati utumbo haujaziba kabisa, ningekupeleka kwa upasuaji saa hii. Geuka nikuwekee maji kwa huku chini. Utulie kidogo, halafu utaenda."

Ngige aligeuka. Yaliyofuata hayakuwa katika itifaki yoyote.

Alikuwa amelala ubavu, ametulia kama alivyoagizwa, Kipketer alipoingia na simu mkononi, uso unang'aa.

"Mratibu, mambo ni mazuri! Mkuu anakuja kutoka mkoani kukupa pole. Na kuna kiti cha mkurugenzi kiko wazi Nairobi. Wanasema mtu ameponea sumu akiwa kazini hawezi nyimwa. Wewe sema tu ulisikia ladha fulani."

"Ladha gani?"

"Ya sumu, si ni hiyo? Sema chungu."

Ngige aliliona akilini zulia la ofisi ya mkurugenzi. Aliona dirisha pana, na meza ambayo mtu anaweza kuilalia. Ingetosha neno moja tu. Wakati huohuo maji ya Chepkorir yalianza mazungumzo na tofali, na mazungumzo yalikuwa yanaenda vizuri.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Phelista katikati ya askari wawili, amebeba sufuria.

"Nimeambiwa nilete sumu," akasema. "Nimeleta."

Alifunua, akachukua bawa, akalitafuna mbele yao mpaka mfupa ukabaki mweupe. "Nani mwingine anataka kufa?"

Askari mmoja, ambaye alikuwa hajala tangu asubuhi, alisema uchunguzi lazima ukamilike, akachukua kidari. Mwenzake akathibitisha kwa shingo.

"Huo ni ushahidi!" Kipketer akafoka, akaingiza mkono kuuokoa ushahidi, na alipoutoa alikuwa ameokoa paja. Muda si mrefu, kesi ilikuwa imebaki mifupa.

Phelista hakucheka. Alisogea kitandani, akainama, ili Ngige asipate pengine pa kutazama.

"Mkubwa, niangalie. Huyo jogoo nimefuga mwenyewe. Mtoto wangu Jotham aliniomba firigisi, nikamwambia hapana, ni ya mgeni. Akalia. Sasa leo nalala seli, yeye nimwambie mgeni alisema nini?"

Ngige alisikia kitu kikimchoma kifuani. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, hakikuwa kiungulia.

Nje magari yalisimama. Mkuu aliingia, tumbo likitangulia, akifuatwa na wakubwa wawili ambao nao walitanguliwa na yao. Alivua kofia.

"Pole sana, Mratibu. Serikali iko nawe. Tuambie tu, ni nani amekufanyia hivi?"

Kipketer alimkonyeza Ngige. Askari walijipangusa midomo, tayari kwa kazi. Tumboni mwa Ngige mazungumzo yalikuwa yamefikia makubaliano, na makubaliano yalitaka kutekelezwa mara moja.

"Ni mimi mwenyewe, mheshimiwa."

"Sijaelewa."

"Huyu mama hana makosa. Kuku wake alikuwa mtamu. Ni choo, mheshimiwa. Sijaenda choo!"

Neno likawa limetamkwa, mbele ya mgeni rasmi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kipketer alifumba macho. Alipofumbua, kitanda kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma ulikuwa unapigapiga.

Choo cha zahanati kilijengwa kwa mabati, na mabati hayajui kutunza siri. Watu waliotoka uwanjani walikuwa wamejaa uani wakingoja habari za Mratibu. Wakazipata. Zilianza kwa uzito, zikapumzika, zikaendelea kwa kirefu, na mwishowe zikahitimishwa kwa namna ambayo haikuacha shaka kwa yeyote. Nakhungu akapiga kigelegele. Umati mzima wa uwanjani ukaitikia kwa makofi, makubwa kuliko yale ya hotuba.

Ngige alitoka akiwa ameshikilia suruali, ambayo sasa ilikuwa kubwa. Alijua kiti cha Nairobi kimekwenda. Alishangaa kuona kwamba hakimuumi. Hapakuwa na kitu chochote kilichomuuma. Alimwendea Phelista, aliyekuwa amesimama uani na sufuria yake tupu.

"Nisamehe, mama. Niliweka heshima yangu mbele, wewe ukateseka. Nimesema ukweli sasa, umesikia?"

"Nimesikia," Phelista akasema. "Sisi wote tumesikia." Kisha akamtazama yule bwana mkubwa aliyeikamata suruali yake kwa mikono miwili, na hasira ikamshinda kushikilia. "Sasa umebaki na njaa. Siku nyingine ukija, nitakupikia kunde. Kuku huwezi."

Askari walimsindikiza Phelista mpaka barabarani, si kama mshukiwa tena, bali kama watu wanaotarajia kualikwa.

Ndani, shughuli ilikuwa imekwisha, na kwa kawaida wakubwa ndio huwa wa kwanza kuondoka. Hawa hawakuondoka. Mkuu alikuwa amekaa kwenye benchi, anazungusha kofia. Wenzake wawili walisoma bango la kunawa mikono, wakalirudia tangu mwanzo. Hatimaye Mkuu akamsogelea Chepkorir na kushusha sauti.

"Daktari, hayo maji... ni ya ngazi gani?"

"Ngazi?"

"Nauliza kama yanaweza kutolewa kwa mtu wa mkoani. Kuna semina nyingi pia huko."

Wale wawili waliacha kusoma. Kipketer akaona kazi yake imefika, akainyoosha tai yake.

"Itabidi tupange kwa cheo," akasema. "Mkuu kwanza, halafu naibu, halafu..."

"Hapa hatupangi kwa cheo," Chepkorir akasema, akivaa glavu mpya. "Tunaanza na mwenye haraka. Nani ana haraka?"

Wakubwa wote watatu walisimama kwa pamoja, na nyuma yao, polepole, akasimama Kipketer.